Volti za Alfajiri

Rauta inayoendeshwa na sola ikizimika usiku, mara nyingi hakuna anayejua. Saa 8 usiku kijiji kimelala, simu zimewekwa pembeni, na mwalimu aliyekuwa anapakua mitihani ya majaribio alishamaliza na kwenda zake. Jua linachomoza, paneli inaanza kusukuma umeme, kontrola inaurudisha mzigo, na kufikia saa 2 asubuhi mtandao uko hewani tena. Anayepita saa 4 kukagua kituo anakuta taa ya kijani na kioo kinachosoma volti 13.4. Anaandika kwenye daftari kwamba kituo ni kizima, anafunga kabati, anaondoka. Betri inaendelea kufa wiki baada ya wiki, na daftari linaendelea kujaa neno “kizima”.

Kioo hakijasema uongo. Kimeulizwa saa 4 asubuhi, jua likiwa limeshapanda, kikajibu hali ya saa 4 asubuhi. Ukitaka kujua kama kituo kitaumaliza mwezi, kisome alfajiri, kabla paneli haijaanza kazi, kisha ulinganishe namba hiyo na ya mchana na ya jioni. Hili ndilo ninalotaka msomaji alishike katika sura hii kuliko jingine lolote, kwa sababu betri ndiyo inayokula fedha nyingi kwenye kituo kadiri miaka inavyokwenda, na nyingi zinakufa kabla ya wakati kwa kusomwa saa isiyofaa.

Kwa kawaida kuna vioo viwili. Cha kwanza kiko kwenye chaji kontrola, kile kiboksi kinachokaa katikati ya paneli, betri na mzigo. Hapo utakuta herufi PV kwa paneli, BAT kwa betri na LOAD kwa mzigo, yaani rauta pamoja na redio yake ya mnarani. Cha pili kimo ndani ya rauta yenyewe na hufunguliwa kwa simu au kompyuta. Kinaonyesha muda tangu iwashwe, nguvu ya mawimbi na idadi ya waliounganishwa. Rauta nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya nyumba yenye umeme wa ukutani, hazina habari yoyote na betri. Kwa hiyo hakuna kioo kimoja chenye habari zote, na kazi ya kuvioanisha viwili hivyo inabaki kwa mtunza kituo.

Sola na mawasiliano vilianza safari pamoja kabla intaneti haijafikiriwa. Seli ya silikoni ya kwanza yenye nguvu ya kutosha kwa kazi ilionyeshwa hadharani na Bell Labs, Marekani, Aprili 1954. Mwaka uliofuata seli hizo zikapandishwa juu ya nguzo ya simu huko Americus, jimbo la Georgia, ziendeshe laini ya simu ya watu wa mashambani. Mchana ziliilisha laini na kuchaji betri, usiku betri ikashika zamu. Ni mpangilio uleule tunaoufunga leo kwenye paa la shule. Machi 1958 ikarushwa setelaiti ya Vanguard 1 ikiwa na redio mbili ndogo, moja ya betri na nyingine ya seli za jua. Ya betri ilinyamaza mwaka huohuo. Ya jua iliendelea kusikika hadi 1964. Hakukuwa na fundi wa kupanda huko juu kusoma kioo, hivyo waliokuwa ardhini waliusoma mlio wenyewe: masafa yake yalisogea kidogo kila joto la ndani lilipobadilika, na kwa msogeo huo wakakadiria setelaiti ina joto kiasi gani. Kusoma dalili moja ili kujua jambo jingine ndiko kutakakotushughulisha katika sura hii.

Kabla ya kugusa volti, angalia saa. Rauta nyingi hazina kibetri cha kutunzia saa. Zikizimika zinaisahau, na nyingine zikiwaka bila intaneti huonyesha tarehe 1 Januari 1970, ambayo ndiyo mwanzo wa hesabu ya muda katika kompyuta za jamii ya Unix. Zikishapata intaneti hujirekebisha, lakini kama hakuna aliyezipangia ukanda wa saa hufuata saa ya dunia, UTC, iliyo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Alfajiri yetu ya saa 12 itaandikwa 06:00 kwenye kontrola iliyopangwa vizuri na 03:00 kwenye rauta iliyoachwa ilivyotoka kiwandani. Msimamizi akikuta kumbukumbu inayosema mawasiliano yalikatika 23:10, atadhani ni saa 5 usiku na ataanza kuuliza nani alichomoa waya watu walipokuwa wanaenda kulala. Kumbe ilikuwa saa 8 usiku, saa ambayo hakuna mtu kabatini, na jibu liko kwenye betri. Ipangie rauta saa ya Nairobi au Dar es Salaam siku ya kwanza, na makosa ya namna hii yatapungua sana.

Sisi tunaoishi karibu na ikweta tuna bahati ambayo vitabu vya mafundi wa Ulaya havina sababu ya kuitaja. Nairobi jua huchomoza kati ya saa 12:10 na saa 12:45 asubuhi mwaka mzima. Usiku wa Januari na usiku wa Julai vina urefu unaokaribiana, hivyo betri inabeba mzigo kwa muda uleule, na namba ya alfajiri ya leo unaweza kuiweka kando ya ile ya miezi sita iliyopita bila kufanya hesabu yoyote ya ziada. Barcelona hawana nafasi hiyo: Desemba mchana wao ni wa saa 9 hivi, Juni unafika 15.

Naitaja Barcelona kwa sababu huko ndiko kunakokaa seva ninayoiheshimu kuliko nyingi. Jarida la Low-Tech Magazine, linaloandikwa na Kris De Decker, lilianzisha mwaka 2018 toleo la kurasa zake kwenye kompyuta ndogo nyumbani kwake, inayolishwa na paneli iliyofungwa kwenye roshani. Anga likifunga mawingu kwa siku kadhaa, toleo hilo linatoweka hewani mpaka jua lirudi. Walichokifanya kuhusu kioo ni cha ujasiri: walikiweka mbele ya kila msomaji. Rangi ya nyuma ya ukurasa hupanda na kushuka kufuatana na chaji ya betri, na anayesoma makala kutoka Toronto au Zanzibar anaona betri ya Barcelona imebaki na kiasi gani. Ningependa kila mtandao wa kijiji wenye ukurasa wa kuingilia uweke kitu cha namna hiyo juu ya ukurasa huo, ili watumiaji wajue jioni ya mawingu kwamba video moja inayopakuliwa usiku wa manane inatoka kwenye betri ya wote.

Sasa tuingie kwenye namba zenyewe kwa kutumia kituo cha mfano. Rauta na redio yake vinakula wati 9. Betri ni ya asidi, ampia-saa 100, ile mafundi wengi wanayoiita N100. Paneli ni ya wati 100. Kwa volti 12 na kitu, wati 9 ni ampia 0.7 hivi, saa 24 kwa siku, jumla ampia-saa 17. Usiku peke yake, kuanzia magharibi hadi macheo, unakula ampia-saa 8 au 9. Kwa betri ya 100 hiyo ni chini ya sehemu moja ya kumi.

Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma 12.7. Ikifika nusu inasoma 12.2. Ikikaribia kuisha inasoma 11.8. Yaani safari yote kutoka kujaa hadi kuisha inapita ndani ya volti moja, na ndiyo maana tarakimu ya baada ya nukta ina uzito kuliko ile ya kabla yake. Mtu anayeandika daftarini “volti 12” hajaandika chochote. Kituo chetu cha mfano kikiwa na afya, alfajiri kinapaswa kusoma 12.5 au 12.6. Kikisoma 12.3 baada ya siku mbili za mvua, bado hakuna tatizo, mradi mvua ikikatika namba irudi juu. Kikisoma 11.9 huku jana jua liliwaka kutwa, kuna ugonjwa.

Ugonjwa huo unaweza kuwa mmoja kati ya miwili, na hapa ndipo fedha nyingi za vijiji na shule zinapopotea. Yote miwili inatoa namba ileile ya alfajiri. Wa kwanza ni njaa: betri ni nzima, lakini umeme unaoingia hautoshi. Wa pili ni uzee: umeme unaingia wa kutosha, lakini betri haina tena mahali pa kuuweka. Fundi mwenye haraka akiona 11.9 anasema “betri imekufa, nunua nyingine”, na ikiwa ugonjwa ni wa njaa, betri mpya nayo itakufa kwa njaa ileile baada ya miezi michache.

Dawa ni kurudi kwenye kioo mara mbili zaidi siku hiyohiyo. Betri yenye njaa hupanda polepole. Saa 4 asubuhi iko 12.6, saa 7 mchana 13.0, saa 10 jioni 13.3, na jua linazama haijafika 14.4, ambayo ndiyo alama ya kontrola nyingi kwamba betri ya asidi inamaliziwa kujazwa. Kutwa nzima ilikuwa inakula na haikushiba. Betri iliyozeeka hufanya kinyume. Saa 2 na nusu asubuhi tayari iko 14.4, kontrola inapunguza umeme kwa kuona imejaa, na mtunza kituo anafurahi kwamba betri inajaa haraka. Jioni, saa moja tu baada ya paneli kulala, imeshashuka hadi 12.3, na saa 4 usiku iko 12.0. Inajaa upesi kwa sababu kinachojazwa ni kidogo. Namba ya alfajiri imekuambia kuna tatizo, na mwendo wa asubuhi na jioni umekuambia ni lipi.

Tahadhari moja kuhusu jioni. Betri iliyotoka kuchajiwa hubeba volti za juujuu kwa muda, na paneli ikilala tu inaweza kusoma 13.0 hali haijajaa kabisa. Mzigo wa rauta utazishusha volti hizo wenyewe. Soma saa moja au mbili baada ya magharibi, usisome magharibi yenyewe.

Kwa nini betri yenye njaa hatimaye huzeeka kweli? Ndani ya betri ya asidi, kila inapotoa umeme, sahani za risasi hufunikwa na salfeti ya risasi. Ikichajiwa mapema na kwa ukamilifu, salfeti hiyo huyeyuka na kurudi ndani ya asidi. Ikiachwa siku nyingi nusunusu, inakuwa fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziondoi, na sehemu hiyo ya sahani inakuwa imepotea. Kwa hiyo 12.0 ya alfajiri haiui betri siku hiyo. Thelathini zikifuatana ndizo zinazoua, na hakuna hata moja kati ya hizo utakayoiona saa 4 asubuhi.

Njaa ikishathibitika, hamia upande wa PV. Hapa kuna namba moja inayowatisha wengi bure. Lebo ya nyuma ya paneli ya wati 100 inasema volti 18, lakini kioo mchana kinasoma 13.2. Watu wanahitimisha kwamba wameuziwa paneli feki. Kontrola za bei nafuu, zile za PWM, huiunganisha paneli moja kwa moja na betri, na paneli inalazimika kufuata volti za betri. Yenye ishara ya MPPT ndiyo inayoiacha paneli ibaki kwenye 17 au 18 na kubadili ziada ya volti kuwa ampia. Kwa hiyo kwenye PWM achana na volti za paneli, soma ampia. Paneli ya wati 100 inapaswa kutoa ampia 5 na kitu kwenye jua kali la saa 6 mchana, betri ikiwa haijajaa. Zidisha kwa saa 5 za jua kamili, kiasi cha siku njema sehemu nyingi za Kenya na Tanzania, unapata ampia-saa 27. Toa 17 za mzigo. Zinabaki 10, na kabla hujafurahi, vumbi na hasara ya kuchaji vitachukua sehemu yake.

Ampia zinapokuwa 3 badala ya 5, panda na kitambaa chenye maji, asubuhi kabla kioo cha paneli hakijapata moto. Zikiwa sawa kila saa isipokuwa saa moja maalumu, tafuta kivuli. Seli za paneli zimefungwa kwa mstari mmoja, na seli moja ikizibwa inabana umeme wa zile zilizofungwa pamoja nayo, hivyo kivuli chembamba cha nguzo ya antena kinaweza kukata sehemu kubwa ya umeme kuliko ukubwa wake. Nguzo hiyohiyo iliyobeba redio ndiyo mara nyingi inayotupa kivuli. Kioo kitakuonyesha ampia 4.1 saa 3 asubuhi, 1.6 saa 4, 4.8 saa 5. Ukiangalia mara moja kwa siku hutaona chochote. Ukiangalia saa 4 pekee utadhani ni mawingu.

Na PV ikisoma volti 20 huku ampia ni sifuri? Angalia BAT kabla ya kuingiwa na hofu. Kama betri iko juu ya 13.5 kwa saa kadhaa na mchana umeshakwenda, imejaa, na kontrola imefunga mlango kama inavyotakiwa. Kama betri iko 12.1, kuna waya uliolegea, fyuzi iliyokatika au kontrola iliyoharibika, na kila saa inayopita ni ya njaa.

Kioo cha rauta kina mstari mmoja ambao kwa kituo cha sola una thamani kuliko mingine yote: muda tangu iwashwe. Kumbukumbu za rauta nyingi hukaa kwenye memori inayofutika umeme ukikatika, hivyo rauta iliyozimika saa 8 usiku huamka bila kumbukumbu ya usiku huo. Mstari wa muda ndio shahidi pekee aliyebaki. Ukifika saa 6 mchana ukakuta siku 41, umeme haujakatika hata mara moja kwa siku 41. Ukikuta saa 4 na dakika 10, basi kituo kiliwaka mnamo saa 2 kasoro dakika 10 asubuhi, na hiyo ndiyo saa ambayo kontrola hurudisha mzigo baada ya kuukata usiku.

Kontrola hukata mzigo ili kuiokoa betri, mara nyingi ikifika 11.1 hivi, na hairudishi mpaka betri ipande tena hadi 12.5 au zaidi. Mwachano huo umewekwa makusudi: betri ikiondolewa mzigo hupanda yenyewe kidogo, na kama ingeruhusiwa kuwasha rauta kwa 11.3, rauta ingeamka, ingeishusha, ingezimwa, ingeamka tena, mpaka asubuhi. Ukikuta rauta yenye muda wa dakika 4, ukasubiri, ukakuta tena dakika 2, kuna mtu aliyechezea mipaka hiyo akitaka mtandao ukae hewani muda mrefu zaidi. Alitaka mema, lakini betri ndiyo inayolipa.

Muda ukiwa mfupi ilhali alfajiri ilisoma 12.6, usiilaumu betri. Kuna waya unaocheza, plagi iliyoingia kutu, au mtu aliyehitaji tundu la kuchajia. Kuna pia kosa la waya mwembamba, ambalo vioo viwili vikisomwa pamoja hulifichua. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75, wenye urefu wa mita 20 kutoka kwenye kabati hadi juu ya nguzo, ni mita 40 kwenda na kurudi. Ukinzani wake unakaribia omu moja, na kwa ampia 0.7 unapoteza volti 0.65 njiani. Kontrola inasoma 11.8, rauta inapata 11.15, na rauta ikianza kurusha kwa nguvu inajizima huku kontrola ikiapa kwamba kila kitu ni salama. Vyote viwili vinasema kweli, kila kimoja mahali pake. Weka waya mnene, au panda na volti 24 kama mifumo mingi ya kupitisha umeme kwenye kebo ya mtandao inavyofanya.

Mawimbi nayapitia upesi. Yanaandikwa kwa dBm, namba hasi, na iliyo karibu na sifuri ndiyo bora: -60 ni nzuri, -75 ni ya kubahatisha. Kila tofauti ya 3 ni nusu ya nguvu, ya 10 ni sehemu moja ya kumi. Ikishuka ghafla usiku wa upepo, antena imegeuka. Ikishuka taratibu miezi ya mvua, mti umeota majani njiani. Sola haihusiki.

Betri za lithiamu, hasa zile za fosfati ya chuma, zimeanza kuingia vijijini, na zinavuruga yote niliyosema kuhusu volti. Zinakaa kati ya 13.3 na 13.0 kwa sehemu kubwa ya chaji yake, kisha zinaporomoka. Ni kama mtungi mdogo wa gesi ambao moto wake ni uleule hadi unakaribia kuisha. Hatari kubwa iko kwenye kile kipicha cha betri chenye vijistari kwenye kioo cha kontrola. Kama kontrola imeachwa kwenye mpangilio wa betri ya asidi, volti 13.0 inazichora kama betri iliyojaa tele, wakati kwa lithiamu hiyo inaweza kuwa theluthi ya mwisho. Kwa betri hizi unahitaji kifaa kinachohesabu ampia zinazoingia na kutoka, na asilimia yake nayo husogea mbali na ukweli kidogokidogo mpaka betri ijazwe kabisa na hesabu ianze upya. Ukiona asilimia 64 kwenye kituo ambacho hakijajaa kwa wiki tatu, ichukue kama makadirio.

Kusoma betri si kazi ya fundi peke yake, na mahali palipolionyesha hili vizuri ni Mankosi, katika Eastern Cape, Afrika Kusini. Kuanzia mwaka 2012 wakazi wa huko, wakishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Cape, walijenga mtandao wao wenyewe, Zenzeleni, wenye vituo vya sola kwenye nyumba za wanakijiji, na ushirika wao ukasajiliwa 2014. Betri za vituo zilitumika pia kuchaji simu za majirani, na malipo yake yakawa mapato ya ushirika. Fikiria maana yake kwa anayesoma kioo. Zile ampia-saa 10 za ziada katika kituo chetu cha mfano, zikishatolewa hasara, zinaweza kubaki 7. Simu ya kawaida inakula kama ampia-saa 1.2 kutoka betri ya volti 12. Ni simu tano au sita kwa siku ya jua. Ya saba inalipiwa na usiku wa mtandao, na siku ya mawingu hata ya kwanza inalipiwa hivyo. Mwenye kituo anayejua kusoma 12.3 ya alfajiri anaweza kumwambia jirani “leo haiwezekani, mama, njoo kesho”, na akawa na sababu ya kuonyesha.

Nairobi nako, mwaka 2013, watu waliotoka shirika la Ushahidi waliichangishia fedha BRCK kupitia tovuti ya Kickstarter, rauta yenye betri yake ndani iliyokusudiwa kuendelea kwa saa 8 hivi umeme ukikatika. Ilikuwa hatua ya kweli: rauta inayojua kwamba ina betri. Nawatakia watengenezaji wa rauta za vijijini waende mbele zaidi, na kioo cha rauta kionyeshe volti za alfajiri za siku saba zilizopita kwa mstari mmoja, bila mtu kuamka.

Mpaka hapo, daftari linatosha, lenye safu tatu: saa 12 asubuhi, saa 7 mchana, saa 2 usiku. Mlinzi wa shule au muuguzi wa zamu anaweza kulijaza, kwani wao ndio walio macho alfajiri. Mfundishe kuandika tarakimu ya baada ya nukta, na kuandika neno moja kuhusu anga: jua, mawingu, mvua. Betri mpya ikifungwa, chukua namba za alfajiri za wiki ya kwanza, ziandike ubavuni mwa betri kwa kalamu isiyofutika pamoja na tarehe na ukubwa wa mzigo wa siku hiyo. Atakayekuja miaka miwili baadaye kusema betri imekufa, aanze kwa kulinganisha na maandishi hayo kabla hajaandika bei ya nyingine.